Kabla ya Winchi, Nunua Geji

Majuzi kijana mmoja wa hapa Malindi alinipitia nyumbani kunionyesha pikapu yake. Hilux, bampa ya chuma mbele, snokeli, lile bomba la kuvutia hewa ya injini, imepanda mpaka juu ya paa, taa nne juu ya keriya, na tairi zenye meno kama ya mamba. Imetoka, siwezi kumnyima haki yake. Alikuwa akiizunguka kama bwana harusi.

"Kaka, imebaki winchi tu. Nichukue ya nguvu kiasi gani?" Yaani ile mashine ya bampani inayokunja waya na kulivuta gari lililonasa.

Nikamuuliza kama ana geji ya kupimia upepo wa tairi.

"Si petroli stesheni wanayo?"

"Wanayo. Na ufuoni Mambrui petroli stesheni iko wapi?"

Akacheka. Mimi sikucheka, maana swali la namna hiyo niliwahi kuulizwa, nami nilikuwa nimesimama ndani ya shimo nililolichimba mwenyewe kwa tairi.

Wakati huo nilikuwa na Land Cruiser pikapu kuukuu, ile ya injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, gari ambalo halikuwa na haraka lakini halikuwa na maradhi. Nilikuwa nikipeleka barafu na mafuta ya boti kwa wavuvi upande wa Mambrui. Kwa sababu nilikuwa na mzigo, nilikuwa nimejaza tairi za nyuma mpaka 45 PSI. Niliingia ufuoni saa sita mchana, bahari imekupwa, mchanga umelowa na kukazana, gari likaenda kama liko juu ya lami. Nikajiona dereva. Nilipopinda kupanda juu kwenye mchanga mkavu, gari likapungua mwendo. Nikakanyaga mafuta. Likapungua zaidi. Nikakanyaga zaidi. Niliposhuka, difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya akseli, ilikuwa imelala juu ya mchanga kama kasa.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu chini ya mvinje alinitazama kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, wachimba kisima?"

Nikamwamkia, nikamwambia gari limenasa.

"Naona. Na leo ni mwezi mpevu. Bamvua hili. Saa kumi maji yatakuwa hapa nilipokaa."

Hapo ndipo jasho lilipobadilika ladha. Siku za bamvua kwetu huku maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri, na kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Wavuvi hawahitaji jedwali kulijua hilo. Mimi mwenye gari nilikuwa silijui.

Mzee hakuita gari la kuvuta. Aliita vijana watatu na kuniambia nitoe upepo. Tukatoa mpaka tairi zikakaa chini kama unyayo wa ngamia. Tukafukua mchanga mbele na nyuma ya kila gurudumu na chini ya difu kwa beleshi moja na mikono, tukalaza makuti. Nikataka kwenda mbele, akanikataza: rudi ulikotoka, njia ile umeshaishindilia mwenyewe. Nikatia rivasi, polepole, bila kufoka. Gari likatoka. Haikufika dakika 40 tangu aniulize habari za kisima.

Tangu siku hiyo nimeendesha miaka mingi huku na huku, na bado sijaona kifaa kinachoshinda kutoa upepo. Watu hudhani tairi ikipungua upepo inapanuka, basi inakanyaga pana. Inapanuka kidogo tu. Kikubwa ni kwamba inarefuka, alama yake chini inakuwa ndefu kama wayo, na uzito unagawanyika. Vilevile haisukumi tena kilima cha mchanga mbele yake, inakipanda.

Hesabu zangu mimi, kwa pikapu ya mzigo wa wastani: lami 35 mbele na 40 nyuma. Barabara ya murramu iliyokunjika kama mabati, ile ya kutingisha mpaka meno, nashusha hadi 28 hivi, na gari linaacha kurukaruka. Mchanga, 18. Nikinasa, 15. Chini ya 12 naingia kwa dharura tu, kwa sababu hapo ukikata usukani kwa nguvu tairi inaweza kuvuka ukingo wa rimu na kutoka. Na ukiwa na upepo mdogo usizidi kilomita 30 kwa saa. Gari lako si langu, kwa hiyo zichukue hizi kama pa kuanzia, kisha shuka ulitazame tairi lenyewe limekaaje.

Sasa ukitoa upepo lazima uurudishe, na hapa ndipo pesa ziende. Kompresa zile ndogo za kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara nimeua mbili. Nunua ya kubana moja kwa moja kwenye betri, acha injini ikiunguruma, na baada ya kila tairi mbili ipumzishe, kwani inachemka kuliko birika. Geji nayo isiwe ile ya kijiti inayokuambia 30 leo na 38 kesho. Ya mshale, yenye mpira wa kuikinga isivunjike ikianguka. Ukishaongeza beleshi la mpini mrefu na vipande viwili vya mbao nene vya kuweka chini ya jeki, maana jeki juu ya mchanga inazama yenyewe badala ya kuinua gari, umeshamaliza sehemu kubwa ya safari zako zote.

Winchi je? Winchi ni kitu kizuri penye miti. Ufuoni utaifunga kwenye nini? Kwenye wimbi? Njia ipo: unachimba shimo refu, unazika tairi la spea na kufunga waya hapo. Nimeifanya mara moja. Ilituchukua saa nzima na ulimi nje, na bado tulitoa upepo kwanza. Kwa hiyo nikimwona mtu ana winchi na hana kompresa, najua picha alizitazama za nchi yenye misitu.

Kamba ni habari nyingine, na hapa naomba usikilize vizuri. Kamba ya kunyumbuka, ya nailoni, inavutika kama manati na kulinyofoa gari lililonasa kwa ulaini. Lakini manati hurusha jiwe. Usiifunge kamwe kwenye kile kirungu cha chuma cha mviringo cha kuvutia trela, kwani kikikatika kinaruka kama risasi, na watu wamekufa hivyo. Funga kwenye ndoano iliyoshikana na chesisi. Tupia blanketi zito au gunia la mchanga katikati ya kamba. Watazamaji wakae mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe, na huku kwetu watazamaji hawakosekani, watoto ndio wa mbele. Shakoli nazo, zile pingu za chuma za kuunganishia kamba na gari, ziangalie: ya kweli imechongwa uzito inaoweza kubeba. Niliwahi kununua moja isiyo na alama yoyote katika duka ambalo sitalitaja, bei nzuri, inang'aa. Siku ya kwanza ilifunguka kama kidole.

Kuendesha kwenyewe: funga habu za magurudumu ya mbele na uingize fowili, yaani magurudumu yote manne yavute, kabla ya mchanga, wala usingoje uzame. Gia ya pili ya upande mdogo, ule wa nguvu na si wa mbio, mwendo mmoja. Ukitaka kusimama, acha gari lisimame lenyewe, usikanyage breki, kwa sababu breki inalundika mchanga mbele ya kila gurudumu na kuondoka kutakuwa shida. Simamia mteremkoni, pua ikitazama chini. Na gari likianza kuhema na kukataa, ondoa mguu. Hilo ndilo gumu zaidi, kwa vile mguu una kiburi. Wenye Land Cruiser pikapu za baada ya 2007 mna jambo jingine: magurudumu ya nyuma yamekaa ndani kidogo kuliko ya mbele, kwa hiyo ya nyuma hayafuati njia iliyoshindiliwa na ya mbele, yanajichimbia yake. Si kosa lenu. Tangulieni kutoa upepo.

Ukitoka ufuoni ukapanda juu kuelekea Garsen na delta ya Tana, mambo yanageuka. Kule ni udongo mweusi. Ukiwa mkavu ni mgumu kama sakafu na mipasuko yake. Ukinyeshewa unajaa kwenye meno ya tairi mpaka zinakuwa maandazi. Kutoa upepo hapo kunasaidia kidogo sana. Dawa ya udongo mweusi ni jua. Koka moto, pika chai, subiri. Nimewapita watu wamekesha wakivutana wakati mchana wa pili gari lingetoka lenyewe.

Kule pia kuna mathenge. Miiba yake inapenya ubavu wa tairi, na tairi lililopunguzwa upepo ubavu wake umetokeza nje kama kitambi. Kwa hiyo njia ya mchanga iliyozungukwa na mathenge ni mtihani: ukishusha unachomwa, usiposhusha unanasa. Mimi hushusha hadi 24 na kwenda taratibu, huku nimeshika uzi wa kuzibia pancha. Pancha ya kwenye meno unaiziba mwenyewe. Ya ubavuni, weka spea, halafu geuza gari urudi.

Maji yamewakosesha wengi magari. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilipofurika upande wa Tana, kila mtu mwenye snokeli alijiona ana mashua. Snokeli inaokoa injini, haiokoi difu. Difu ikitoka barabarani ni ya moto. Ikiingia kwenye maji baridi hewa iliyomo inanywea, na ile pumulio yake ndogo juu ya akseli inavuta maji ndani. Gari la rafiki yangu lilivuka vizuri kabisa, tukapiga makofi. Baada ya wiki difu ikaanza kulia. Fundi alipofungua nati, oili ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Mpira mwembamba wa kuinua pumulio mpaka kwenye boneti ni wa bei ya chakula cha mchana. Na maji yanayokwenda mbio, hata ya magotini, usiyavuke. Mengine, tembea kwanza kwa miguu; pale utakaposhindwa kusimama, gari pia litashindwa.

Chumvi haihitaji maneno mengi. Siku hiyohiyo osha kwa maji matamu, chini ya gari, ndani ya chesisi, si kwenye milango inayoonekana. Lile Cruiser langu liliuzwa kwa bei ya vyuma chakavu na injini yake ikiwa bado nzima.

Na ufuo si wetu peke yetu. Kasa hutaga mayai kwenye mchanga mkavu juu ya alama ya maji kujaa, na gari moja linatosha kuponda kiota chote. Pitia mchanga uliolowa, chini ya alama hiyo. Watamu na upande wa hifadhi ya bahari hapa Malindi usiingize gari kabisa. Nyavu zilizoanikwa zizunguke, hata kama mwenyewe humwoni, anakuona. Na wanaoniuliza habari za kwenda Lamu na gari: mwisho ni Mokowe, liache hapo upande boti. Kisiwani punda ndiye fowili, na hana haja ya geji.

Yule kijana alirudi Ijumaa baada ya swala, ameshika geji mpya bado iko kwenye karatasi yake. Alikuwa analalamika kwamba springi za lile gari ni ngumu mno, linamvunja mgongo, na fundi amemwambia zibadilishwe zote. Nikamwambia tupime kwanza. Tairi la kwanza, 52. La pili, 54. Waliomfungia tairi ndio waliozijaza hivyo, naye amezunguka nazo wiki tatu.

Tukachuchumaa, kila mtu na vali yake, tukaanza kutoa.