Mafuta ya mbegu za mlonge: kwa nini yanachacha, na usitupe mashudu

Ndugu uliyeuliza kama mafuta ya mbegu za mlonge yana kazi nyingine zaidi ya kupaka nywele, na kwa nini ya kwako yalichacha mapema: huu ni mwaka wa sita nakamua mwenyewe, nitakueleza niliyoyaona.

Kwa asili mafuta haya ni magumu kuchacha. Karibu asilimia 70 yake ni asidi ya oleiki, ileile inayojaa kwenye mafuta ya zeituni, na uimara huo ndio uliowafanya mafundi saa wa zamani wayatumie kulainisha mitambo yao midogo. Kwa hiyo yakichacha mapema, mimi huanza kuzikagua mbegu. Mkamuo wangu wa kwanza uliharibika kwa sababu nilivuna maganda yakiwa bado na unyevu. Iliniuma sana, ilikuwa kazi ya siku tatu. Sasa nayaacha yakauke mtini hadi yaanze kupasuka, nabangua mbegu, naanika viini kivulini mpaka kimoja kikivunjwa kinalia, ndipo nakamua. Kisha nayaacha yatulie siku kadhaa, nachuja kwa kitambaa safi na kutia kwenye chupa nyeusi iliyojaa hadi shingoni. Lile tope la chini usilichanganye tena, lina maji.

Wakati wa baridi yakiingia ukungu au kuganda kidogo, usiyamwage. Ni asidi ya beheni hiyo, sehemu ya mafuta yenyewe inayoganda kwenye baridi. Yakipata joto yanarudi kuwa maangavu.

Napikia, napaka ngozini. Sabuni yake peke yake hutoa povu haba, nachanganya na mafuta ya nazi. Wanaoyauza kama dawa ya kila ugonjwa siwaungi mkono hata kidogo.

Ila hazina ninayoipenda zaidi iko kwenye mashudu. Ile protini inayosafisha maji ya tope haitoki na mafuta, inabaki humo. Ina chaji chanya, chembe za tope zina chaji hasi, zinashikana na kuzama. Nasaga mashudu, nakoroga unga na maji kidogo, nachuja, namimina kwenye ndoo ya maji ya tope, nakoroga haraka kisha taratibu, naacha saa moja au mbili. Maji yanang'aa, lakini vijidudu vingine bado vimo. Yamimine kwa uangalifu, yachemshe, yatumie siku hiyohiyo, maana mabaki ya mbegu huyaozesha yakilala.