Fazi kwenye besi: sikiliza kinachobaki chini

Wewe mpiga gitaa la besi unayetafuta pedali yako ya kwanza ya fazi, kile kifaa cha kukanyaga kinachokwaruza sauti, nakuomba usiinunue kabla hujaisikia ikipigwa pamoja na ngoma. Dukani, ukiwa peke yako, kila fazi ni tamu. Besi inanguruma, spika inatetemeka, pesa inatoka mfukoni bila kuulizwa. Ya kwanza niliinunua hivyo, pedali ya gitaa la solo, nikaenda nayo kwenye onyesho hapa Dar es Salaam. Nilipoikanyaga katikati ya wimbo, mpiga ngoma aligeuka kunitazama, akidhani waya wangu umechomoka. Pale niliposimama nilisikia mkwaruzo mkubwa. Ukumbini besi haikuwepo.

Sababu yake ni hii. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne, ule wa E, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, wakati E ya chini ya gitaa la kawaida ni 82. Fazi inakata vilele vya wimbi la sauti mpaka linakaribia kuwa bapa juu na chini. Kukata huko kunazaa sauti nyingine juu ya ile ya asili, mara tatu yake, mara tano yake, na kuendelea, na sikio linakimbilia huko juu. Ongeza kwamba baadhi ya pedali za gitaa huchuja sauti nzito makusudi, maana mpiga solo hana kazi nayo. Kile ambacho bendi nzima inakiegemea kinabaki chembamba.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachokitafuta kwenye fazi ya besi ni nobu ya kuchanganya, ile iliyoandikwa "blend". Inakuachia sauti safi ya besi ipite pembeni na kukutana na fazi mwishoni. Wazo hilo si geni. Mwaka 1965 Paul McCartney wa The Beatles alipotia fazi katika "Think for Yourself", besi ya kawaida ilibaki chini yake na ile yenye fazi ikarekodiwa juu. Hata chimbuko la fazi lenyewe liko karibu na besi kuliko watu wanavyodhani: mwaka 1961 huko Nashville, Marekani, chaneli mbovu ya mtambo iliharibu sauti ya besi ya nyuzi sita ya mpiga gitaa Grady Martin katika kurekodi wimbo wa mwimbaji Marty Robbins, na ulemavu ule ukapendwa. Mwaka uliofuata kampuni ya Gibson ikauza Maestro FZ-1, pedali ya kutoa sauti ya namna hiyo kwa kukanyaga.

Lakini nobu hiyo ijaribiwe. Kuna saketi zinazogeuza wimbi juu chini, likikutana na lile safi yanafutana. Piga E ya chini, weka nobu katikati. Ikiwa sauti inakuwa nyembamba kuliko ikiwa safi tupu au fazi tupu, irudishe pedali hiyo, haijalishi bei yake.

Wapiga besi wengi wanaipenda Big Muff ya Electro-Harmonix, hasa zile zilizotengenezwa Urusi miaka ya 1990, na ninawaelewa, kwa sababu chini zina nyama. Tatizo lake ni sauti za katikati, kati ya nzito na nyembamba. Saketi yake ya toni inachimba shimo karibu na 1,000 Hz, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, na palepale ndipo unapohitaji kusikika mbele ya magitaa mawili na kinanda. Ukiwa nayo, pandisha sauti za katikati kwenye ampi, yaani kikuza sauti chako. Utaona sauti imekuwa mbaya ukiwa peke yako. Vumilia, bendi ikiingia itakaa mahali pake.

Kuhusu fazi za transista za jemaniamu, zile za kizamani, kama Fuzz Face za kwanza za London za mwaka 1966: zina sauti laini ya kupendeza, lakini jemaniamu huvujisha umeme zaidi kadiri joto linavyopanda. Jukwaa la wazi la pwani, saa tisa alasiri, si mahali pake. Pedali iliyoimba vizuri asubuhi inaweza kuanza kukabwa koo. Kwa hali ya hewa yetu mimi nachagua fazi za transista za silikoni. Tena fazi za kizamani hupenda kuchomekwa moja kwa moja kwenye besi isiyo na betri ndani, kabla ya pedali nyingine yoyote. Nyingine zimegeuza chanya na hasi, kwa hiyo soma alama ya adapta kabla hujaziunganisha na pedali zingine kwenye umeme mmoja.

Jukwaani, zima twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ya kabati la besi au ishushe kabisa, la sivyo fazi itatoka kama nyuki kwenye debe. Zungumza na fundi mitambo mapema: akichukua waya wako kabla ya pedali, ukumbi utasikia besi safi usiku kucha huku wewe ukidhani unawatikisa.

Mikono nayo ibadilike. Fazi inasawazisha noti ya nguvu na ya upole, kwa hiyo kinachobaki kuwa chako ni pale noti inapoanza na pale inapokatika. Ziba nyuzi usizopiga kwa mikono yote miwili, kwa sababu kila mguso utasikika. Oktavu zinavumilika, lakini noti nyingine zikipigwa pamoja zinakuwa tope. Kwenye rumba sijaona haja yake, maana besi ya rumba inaishi kwenye mapengo na fazi inayajaza. Ila anayekwambia fazi si ya Afrika, mpe albamu za bendi ya WITCH ya Zambia za miaka ya 1970 asikilize magitaa yale.

Siku ya mazoezi, mwombe mtu asimame na simu nyuma kabisa ya chumba arekodi wimbo mmoja, nusu umeikanyaga, nusu umeizima. Usikilize nyumbani kwa hedifoni nzuri. Spika ya simu haiwezi kutoa 41 Hz, na hiyo ndiyo unayoitafuta.