Re: Wikiendi Fife bila gari, tuanzie wapi?

Mkuu nimekusoma, upo Edinburgh na mama watoto na madogo wawili, gari hamna, mnataka kuiona Fife, ule mkoa wa Scotland ng'ambo ya maji kaskazini mwa Edinburgh, kwa siku mbili. Inawezekana, ila msijaribu kumaliza yote.

Jumamosi pandeni treni ya Dunfermline na mkae dirishani, maana mtavuka lile daraja jekundu la Forth la mwaka 1890, madogo watapagawa. Pale Dunfermline kwenye abasia, kanisa la zamani la watawa, ndo kazikwa mfalme wa Scotland Robert the Bruce aliyefariki 1329, ila moyo wake ukazikwa mji mwingine, Melrose, hawa wazee nao walikuwa na mambo.

Jumapili nendeni St Andrews. Hapo wengi wanapigwa chenga: mji hauna stesheni, mnashuka Leuchars mnamalizia na basi, na ratiba ya Jumapili icheki mapema. Mkaone magofu ya kathedro, halafu uwanja wa gofu wa Old Course, Jumapili kwa kawaida hawachezi kwahiyo watu wanajitembelea tu humo bure. Muda ukibaki kuna basi la kwenda Crail na Anstruther, vijiji vya wavuvi, mimi hapo ndo pananikosha kuliko kote.

Ile njia ya minyororo uliyouliza, kule kijiji cha Elie pwani ya Fife, na watoto hapana. Unapanda miamba umeshika cheni, maji yakijaa mnanasa. Hata mkiwa wakubwa tupu angalieni kwanza saa za maji kupwa, na mkikwama pigeni 999 muombe walinzi wa pwani.

Na bebeni majaketi, upepo wa kule hauna adabu.