Jibu: Kwa nini vitongoji vya Atlanta vinakataa treni

Mkuu, umeuliza kwa nini kaunti za pembezoni mwa Atlanta, Marekani, zinaikataa treni ilhali foleni zao ni balaa. MARTA, shirika la treni na mabasi ya umma la huko, hutegemea kodi ya mauzo, na kila kaunti hupiga kura yake. Mwaka 1971 Fulton na DeKalb zilikubali. Clayton na Gwinnett zikagoma. Ubaguzi ulichangia sana: wazungu wengi waliohamia nje ya jiji hawakutaka reli iwalete watu weusi mitaani kwao. Clayton ilijiunga 2014. Gwinnett ilikataa tena 2019, na 2020 kura nyingine ya usafiri ikashindwa kwa kura chache tu.

Ila usiishie kwenye rangi. Fungua ramani ya mtaa wowote wa huko: barabara nyingi za ndani hazitokei upande wa pili. Kituo kinaweza kuwa mita 200 nyuma ya uzio wako, lakini kwa miguu ukazunguka kilomita nzima, mara nyingine bila hata njia ya wapita kwa miguu. Na basi likipita kila saa 1, ukilikosa imekula kwako. Mwenye gari atalipia kodi ya nini?

Kwa maoni yangu, anza na ratiba kabla ya reli. Agosti 2015 jiji la Houston, Texas, lilipanga upya mabasi yake yote kwa bajeti karibu ileile: njia zilizonyooka, kadhaa zikiwa na basi kila dakika 15, hadi wikendi. Ubishi ulikuja kwenye njia zenye abiria wachache, maana zilipunguzwa na wapo waliolazimika kutembea zaidi.