Pikipiki ya kabureta kwenda daino Dar, ikirudi kutumika Mwanza

Mkuu, umeuliza uandae nini kabla cc 250 yako ya kabureta haijapanda daino (mashine ya rola ya kupima nguvu ya injini) Dar wiki ijayo, na kila siku unaiendesha huku Mwanza. Nianze na hilo la mwisho, maana mafundi wengi hawaliulizi.

Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia 10 hivi, na kabureta haina namna ya kulijua hilo. Jeti (kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) iliyokaa sawa Dar, huku itazidisha mafuta: plagi inakuwa nyeusi, moshi unaongezeka, injini inakuwa nzito ukivuta. Kompyuta ya daino inasahihisha namba ya nguvu kulingana na hali ya hewa, mchanganyiko wa hewa na petroli haiugusi. Kwa hiyo mwambie fundi mapema pikipiki inatumika wapi, na ubebe jeti kuu za saizi mbili juu na mbili chini ya uliyonayo. Ukirudi, jaribu saizi moja chini kisha uangalie plagi. Ila usishuke nayo tena Pwani bila kurudisha ile kubwa. Mafuta yakipungua kwenye mchanganyiko, injini inachemka na pistoni inaweza kutoboka.

Sasa ubovu. Daino haiponyi kitu. Ukipeleka pikipiki inayovuja hewa, fundi atapanga mafuta kufuata huo uvujaji. Kagua sana shingo ya ekzosi. Washa injini ikiwa baridi, ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kizito sekunde chache. Ukisikia inapumua pale inapoungana na silinda, badilisha gasketi. Hewa ikiingia hapo, sensa ya daino inayopima moshi wa ekzosi inasoma kwamba mafuta ni machache wakati yanatosha. Mpira wa kabureta nao ukunje kwa vidole uone kama una nyufa, na kichujio cha hewa kiwe safi, hasa kama unapita njia za vumbi za Kisesa.

Nafasi ya vali pima injini ikiwa imepoa kabisa. Silinda moja nyingi zinazopozwa kwa hewa hutaka 0.05 hadi 0.10 mm, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuata.

Klachi ijaribu gia ya juu kwenye mlima: injini ikipaza sauti bila mwendo kuongezeka, sahani zimeisha na vipimo vya nguvu vitakuwa vya uongo. Cheni isibane wala kulegea kupita kiasi. Tairi la nyuma lisiwe la meno makubwa, litaharibika kwenye rola. Ng'oa na vijiwe vyote vilivyonasa kwenye tairi. Oili iwe kwenye kipimo, tenki lifike nusu kwa petroli mpya.

Injini iliyobadilishwa ringi juzi usiipeleke kwanza, iache izoee barabarani.

Na kama inasafiri kwa lori, funga koki ya petroli na umwage petroli ya bakuli la kabureta kabla haijapakiwa.