Baba Ameoa, Kaka Ameondoka na Hati ya Nyumba

SWALI: Shangazi, shikamoo. Tumezaliwa wanne na sote tuna familia zetu. Mama alifariki mwaka jana. Mwezi uliopita Baba, mwenye miaka 71, alimpigia simu mdogo wetu aliye Mbale kumwambia kwamba ameoa. Nikaha imeshafungwa msikitini hapa Walukuba. Mke ni mjane kutoka Iganga, tunakaribiana umri. Nilipokwenda nyumbani nilimkuta jikoni kwa Mama, na gomesi za Mama, magauni yake ya heshima, zimefungwa kwenye gunia, zimewekwa mlangoni. Nililia njia nzima. Kaka mkubwa naye amechukua hati ya nyumba na karatasi za shamba la Buwenge, amezipeleka Kampala ili huyo mama asije akatufukuza. Shamba hilo Mama alilinunua kwa pesa zake za cherehani, na jina ni lake. Baba sasa hapokei simu zetu. Tufanye nini?
*Binti wa Walukuba, Jinja*

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Hilo gunia limeniuma hata mimi. Nguo za marehemu hukunjuliwa na binti zake, wakachagua za kubaki nazo na za kutoa sadaka. Lakini hujui ni nani aliyezifunga, wala kwa nia gani. Pengine mgeni alizikuta kabatini akaogopa kuzigusa zaidi ya hapo. Nenda kazichukue, na umsalimie mama mdogo vizuri. Hajakunyang'anya mama, mama yako alikuwa ameshatangulia.

Baba hakuvunja sheria yoyote. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, mwanamume hana eda. Alichokosea ni kuwaacha wanawe wasikie baada ya nikaha kufungwa, na hilo ana haki ya kuambiwa. Asiambiwe na ninyi, maana mna hasira. Kama ana dada aliye hai, mtumeni yeye.

Sasa kaka yako. Nyumba ni ya Baba, na mtu aliye hai harithiwi. Hati irudi. Kuificha hakubadilishi jina lililo kwenye daftari la ardhi, kunamdhalilisha mzee tu. Hofu ya kufukuzwa naielewa, ila Sheria ya Ardhi ya Uganda ya 1998 hairuhusu mmoja wa wanandoa kuuza nyumba wanayoishi bila idhini ya mwenzake. Na siku Baba akiondoka, mkigawana kwa sharia ya Kiislamu, mjane wa mume aliyeacha watoto hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane. Kwa sheria ya mirathi ya nchi iliyorekebishwa 2022, kwa asiyeacha wasia, fungu la mjane ni asilimia 20 na la watoto 75. Ataendelea kuishi katika nyumba hiyo, ndiyo, na ni haki yake. Anamhudumia baba yenu saa hizi ambazo ndugu zako wako Mbale na Kampala.

Jambo lililonishtua kwenye barua yako umelipita haraka: shamba la Buwenge. Hilo si mali ya Baba! Ni mirathi ya mama yenu, na inaonekana hamjaigawa mpaka leo. Kisharia Baba ana robo, kinachobaki ni chenu, mtoto wa kiume akipata mafungu mawili ya wa kike. Mke mpya hana fungu kwa mama yenu. Lakini mkichelewa mpaka Baba naye afariki, robo yake itaingia kwenye mirathi yake, na hapo mama mdogo atakuwa na sehemu. Ugomvi mnaouogopa utazaliwa hapo, kwa uzembe wenu wenyewe.

Kaeni kikao cha ukoo, Baba akiwepo, na kiandikwe. Pateni cheti cha kifo na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mwende ofisi ya Administrata Jenerali, ofisi ya serikali inayoshughulikia mirathi, kisha mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Msiuze hata kipande kabla ya hapo.

Hati ya nyumba kaka yako airudishe mwenyewe, kwa mkono wake, huyo dada wa Baba akiwa ameketi hapo. Asiitume kwa bodaboda.