Baba asilale tu akisubiri upasuaji wa pafu

Pole sana, dada. Umeuliza kama baba apumzike tu hadi siku ya upasuaji wa saratani ya pafu. Hapana, daktari akiruhusu atembee kila siku, hata wiki mbili zilizobaki zinasaidia. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalionyesha kuwa wanaofanya mazoezi kabla hupata matatizo machache ya mapafu baadaye, kama nimonia. Avute pumzi taratibu kwa pua mpaka tumbo liinuke, aitoe polepole kwa mdomo. Na ajifunze mapema kukohoa akiwa amekumbatia mto, maana baada ya upasuaji kidonda huuma na makohozi lazima yatoke. Sigara aache leo! Akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache mazoezi hapo hapo na mumwone daktari.